Bado tuchome DVD za Linux za kugawa bure, au tuache? Tunaamua Jumamosi

KopoLaDiski (Jumatatu, usiku)

Hamjambo wadau. Naombeni mawazo yenu kabla ya Jumamosi. Kikundi chetu kinakutana Buruburu kuamua jambo hili, na mimi ndiye mtunza diski tangu 2011.

Sisi ni watu wa kujitolea, kumi na mmoja tukihesabu wanaokuja kweli. Kila mwaka tunachoma DVD kama 150 za programu huria: Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, pamoja na LibreOffice, ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa wale wanaobaki na Windows. Tunazigawa bure kwa shule, saiba, vikundi vya vijana na mtu yeyote anayenyoosha mkono. Mwaka huu mfuko una shilingi 14,500. Wenzangu wengi wanataka tuachane na diski, pesa zote ziende kwa flashi ishirini za GB 16 za kuzungushwa. Mmoja anasema hata flashi ni kupoteza pesa, mtu apewe linki apakue mwenyewe.

Mimi roho yangu bado haijakubali, na acheni niseme inatoka wapi.

Mwaka 2008 nilikuwa msichana wa kaunta kwenye saiba moja ya Umoja. Kebo za baharini za intaneti zilikuwa hazijafika. SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa 2009. Intaneti yetu ilikuja kwa setilaiti, kilobiti 64 kwa sekunde, na mashine nane ziliigombania. Pigeni hesabu wenyewe: CD moja ya MB 700 kwenye laini hiyo, hata ukiachiwa peke yako, inakula zaidi ya saa 24. Tajiri yupi angefunga saiba siku nzima ili mtu wa kaunta apakue Linux?

Wakati huo Canonical, kampuni ya yule Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, walikuwa wakituma CD za Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, bure kwa posta. Mpango uliitwa ShipIt. Nilijaza fomu nikasahau. Wiki nyingi baadaye nikakuta karatasi ya kuitwa kaunta kwenye sanduku la posta, na kule kaunta nikakabidhiwa bahasha yenye jina langu. Sikulipa hata ndururu. Ndani kulikuwa na Ubuntu 8.04. Usiku huo niliiweka kwenye Pentium 4 ya pembeni, ile yenye RAM ya MB 512 iliyokuwa imeshindikana kwa virusi, na asubuhi tajiri alikuta inafanya kazi. Kazi ninayofanya leo, karo ya watoto wangu, mzizi wake ni ile CD. Ninayo mpaka sasa.

ShipIt ilifungwa Aprili 2011. Ndipo sisi tukaanza kuchoma wenyewe.

Labda wengine hamjawahi kukaa na kazi hii, kwa hiyo naieleza. Sichomi kwa kasi kubwa. Naweka 4x au 8x, kwa sababu nikiharakisha, zile draivu kongwe huko mashambani zinakataa kusoma. Diski ikitoka naigeuza chini ya taa: sehemu iliyochomwa inaonekana pete yenye rangi nzito zaidi, imeanzia karibu na tundu la katikati ikapanuka kuelekea nje, na mpaka wake uko wazi kabisa. Kama pete ina doa au mstari, hiyo naiweka kando. Iliyo safi naizamisha tena kwenye draivu, naendesha sha256sum, programu inayotoa alama ya kutambulisha faili, nalinganisha herufi zake 64 na zile zilizoko kwenye tovuti ya wenyewe. Zikilingana zote naandika kwa kalamu ya CD: jina, toleo, mwezi na mwaka. Kwa jioni moja nikijitahidi natoa kumi na mbili.

Sasa tatizo. Mwaka jana kati ya DVD 150 nilirudi nyumbani na 61. Vijana wanaokuja mkutanoni wanabeba laptopu zisizo na pa kuingiza diski. Ubuntu yenyewe haitoshi tena: ilivuka ukubwa wa CD tangu toleo la 12.10 mwaka 2012, na 24.04 inapita GB 5 wakati DVD ya kawaida inachukua 4.7. Linux Mint ya Xfce, aina nyingine nyepesi ya Linux, bado inaingia. Wiki iliyopita nilizunguka mtaa wa Luthuli kutafuta kopo la diski 50 na nikalipata duka la tatu, shilingi 2,000, vumbi juu.

Swali langu si kama diski ni kitu cha zamani, hilo naliona. Nataka kujua: tukiacha, ni nani hasa anayekosa? Kuna mtu hapa bado anazitegemea?

---

FundiLuthuli (Jumanne, asubuhi)

Dada, kwanza heshima. Hiyo kazi ya kukagua moja moja wengi hatuiwezi. Lakini ushauri wangu ni mmoja: acheni diski.

Naongea na ninachokiona mezani. Kwa wiki laptopu thelathini hivi zinapita mikononi mwangu. Zenye draivu ya DVD ni mbili au tatu, na ukijaribu, moja ndiyo inasoma. Lenzi zimechoka, vumbi la Nairobi limeingia. Napangusa na spiriti, inasoma wiki moja, inarudi. Apple walitoa MacBook Air bila draivu tangu 2008 na wengine wakafuata polepole. Leo mteja akiniambia "niwekee kutoka CD" lazima niazime draivu ya nje kwa jirani.

Flashi moja ukiweka programu ya Ventoy unabeba ISO (faili lenye diski nzima ndani) tano, sita, zote kwa pamoja. Mint, Debian, Lubuntu (zote ni aina za Linux), ya kurekebishia mashine, zote. Ukibuti, yaani ukiwasha mashine kutoka kwenye flashi, inakuletea orodha unachagua. Toleo jipya likitoka unafuta faili la zamani unabandika jipya. DVD yako ikipitwa na wakati unaifanyia nini? Takataka.

Na huu ndio wakati wa kubanana. Windows 10 iliishiwa na msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zinatoa mashine ambazo Windows 11 inazikataa ingawa ni nzima kabisa. Naletewa HP Compaq 8200 za ex-UK, mashine ngumu, ukiweka SSD (diski ya kasi) na Mint inaruka. Hizo zote zinabuti kwa flashi. Nikisubiri DVD isome mpaka mwisho, kwa flashi ningekuwa nimemaliza mashine tatu.

Onyo tu kuhusu flashi, kwa sababu sitaki muumizwe. Ziko zinazouzwa zimeandikwa GB 64 na ndani ni GB 8. Unabandika faili, inakubali, inakuonyesha jina, lakini ukifungua ni uchafu. Kabla hamjalipa ishirini, nunueni moja, muipime na programu ya F3: f3write halafu f3read. Ikipita, rudini duka hilo hilo mchukue zilizobaki, na hizo nazo mpime zote.

---

Bando_Tosha (Jumanne, mchana)

Siku hizi intaneti iko kila mahali. Toeni linki, pesa hizo mfanyie mafunzo.

---

Mwl_Kyuso (Jumanne, usiku)

Ndugu Bando_Tosha, karibu Kyuso, kaskazini ya Mwingi. Simu inashika, sikatai, ndiyo naandikia hapa. Ila kupakua GB 4 kwa bando langu ni pesa ya unga na mafuta ya taa ya siku kadhaa, na ikikatika katikati unaanza kuhesabu hasara. Shuleni hatuna intaneti. Tuna maabara ya mashine 22 ambazo ni misaada ya miaka tofauti, hakuna mbili zinazofanana.

Dada KopoLaDiski, umeuliza nani anakosa. Mimi ni mmoja wao. Mwaka 2017 nilikuja Nairobi kwa semina, nikapita kwenye meza yenu nikapewa DVD ya Debian 9. Ile DVD ya kwanza ya Debian ina kila kitu cha kuanzia, mazingira ya kazi na LibreOffice ndani. Sikuhitaji hata kilobaiti moja ya intaneti. Niliweka mashine kumi na nne kwa wikendi mbili, stima ikipotea naenda kufundisha, ikirudi naendelea.

Flashi pia nimewahi kupewa, na kikundi kingine. Iliazimwa na mwalimu mwenzangu aende kuchapisha mtihani sokoni. Ilirudi imejaa virusi vile vya shortcut, kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato, na ISO yenyewe ilikuwa imefutwa kupisha nyimbo za kwaya. Hakuna mtu mbaya hapo. Flashi mkononi mwa mtu ni nafasi ya kuweka vitu vyake, ndivyo watu wanavyoiona, na mwenye shida ya nafasi atafuta tu. DVD hakuna anayeiazima aweke mtihani. Iko kwenye kabati la maktaba, ina muhuri wa shule na namba kama kitabu. Ikichomwa ikafungwa, kirusi hakina pa kuingilia.

Kitu cha mwisho. Kuna mashine zetu ambazo flashi hazitaki kabisa. Ukiingia kwenye BIOS, mipangilio ya kuwashia mashine, orodha ina disketi, diski ngumu na CD, basi. Hizo mnatuambia tufanyeje?

---

FundiLuthuli (Jumatano)

Mwalimu, hoja ya flashi kufutwa nimeikubali, imenigusa. Ziko flashi zenye kiswichi cha kufunga maandishi, lakini ni adimu na bei yake haifai kugawa.

Kwa mashine zisizobuti kwa flashi, fundi anatoa diski ngumu, anaichomeka kwenye mashine nyingine, anaweka Linux humo, anairudisha. Linux haigombi ukihamisha diski. Lakini najua si kila mwalimu atafungua kasha.

Nina ombi kabla mtu hajachoma chochote: hesabu. Jaribu zote 22. Ngapi zinabuti kwa flashi, ngapi zinakataa, na katika zinazokataa, draivu ngapi zinasoma DVD kweli. Bila hiyo hesabu tunabishana na hewa.

---

Msomaji_wa_Leseni (Jumatano)

Wapendwa, kuna jambo halijatajwa na linawahusu mkigawa diski au flashi, sawasawa.

Mkimpa mtu linki, anayesambaza ni tovuti. Mkimpa kitu mkononi, wasambazaji ni ninyi. Sehemu kubwa ya Linux iko chini ya GPL, leseni ya programu huria, na GPL inasema ukigawa programu iliyokwisha kutengenezwa, mpokeaji ana haki ya kupata na msimbo wake, yaani maandishi ya asili iliyotengenezwa nayo. Toleo la 2, kifungu cha 3, linakupa njia: ambatanisha msimbo, au toa ahadi ya maandishi, yenye nguvu kwa angalau miaka mitatu, kwamba yeyote atakayeomba atapewa kwa gharama isiyozidi ya kunakili. Ukiwa unagawa bila biashara na wewe mwenyewe ulipewa ahadi kama hiyo, unaweza kuipitisha.

Nimeona vikundi vingi vya kujitolea vikisahau hili kwa nia njema. Si jambo la kutishana. Debian wanatoa hata ISO zenye msimbo mtupu. Pakueni mara moja kwa kila toleo mnalogawa, mhifadhi kwenye diski ngumu ya kikundi, na nyuma ya bahasha ya kila DVD mbandike karatasi yenye sentensi mbili na anwani ya kikundi. Mwanafunzi mmoja kati ya mia akija kuomba, mmpe kwa furaha, maana huyo ndiye mliyekuwa mnamtafuta.

---

Mwl_Kyuso (Alhamisi, jioni)

Fundi, nimefanya ulivyosema. Nimekaa na vijana wawili wa Form Three kuanzia saa nane mpaka stima ilipopotea, leo tukamalizia.

Mashine 22. Zinazobuti kwa flashi: 14. Zinazokataa: 8. Katika hizo 8, draivu zinazosoma DVD ni 5. Tatu zilizobaki, moja trei haifunguki, mbili zinazungusha tu hazioni kitu.

Zile 5 ni Pentium 4 za biti 32, kizazi cha zamani, RAM ya GB 1. Ni nzuri kwa kuandika na kwa kujifunza kibodi.

---

KopoLaDiski (Ijumaa, usiku)

Mwalimu, asante sana, na uwashukuru hao vijana. Fundi, asante kwa kutulazimisha kuhesabu. Nimesoma kila neno lenu mara mbili.

Nikiri kwamba hesabu imenishtua. Nilikuja hapa nikidhani nitasikia shule nzima nzima zinaishi kwa DVD. Ni mashine tano. Lakini mashine tano kwa zamu nne ni wanafunzi ishirini kwa siku, na hao ishirini hawana njia nyingine ya kufikiwa na sisi isipokuwa kumtafuta fundi wa kufungua makasha huko Kyuso.

Nimeangalia pia suala la biti 32, maana hapo ndipo tungekosea vibaya. Ubuntu waliacha ISO za kompyuta za biti 32 tangu toleo la 17.10. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena ya kuwekea mashine za aina hiyo. Debian 12 ndiyo ya mwisho, na msaada wake wa muda mrefu unafika Juni 2028. Kwa hiyo tungechoma toleo jipya kwa uzoefu tu, tukamtumia mwalimu, DVD zingefika Kyuso na mashine zile zile tano zingezikataa. Hapa linki isingemsaidia mtu yeyote. Anahitajika mtu anayejua mashine iliyoko upande wa pili.

Kwa hiyo kesho nitawapelekea wenzangu hivi. DVD 150 basi, hilo nimekubali. Tununue flashi 12 kwa 8,400, zipimwe zote kwa F3 kabla ya kutoka dukani, ziwekwe Ventoy, na zibaki mali ya kikundi: zinaenda na mtu wetu, zinarudi na mtu wetu. Kopo moja la DVD kwa 2,000. Hizo 50 sitazigawa mezani kwa kila anayepita. Zinachomwa mtu akiomba, na anayeomba aseme ana mashine gani, biti ngapi, ili apate toleo linalomfaa. Kwenye 4,100 zinazobaki tunachapisha karatasi za ahadi ya msimbo alizotaja Msomaji. Kuhifadhi msimbo wenyewe ni kazi ya diski ngumu niliyo nayo nyumbani, ina nafasi.

Ninalolishikilia, na kesho nitalisema hata wakinipinga, ni kwamba shule iwe na kitu chake. Flashi yetu ikienda Kyuso ikaweka mashine 14 ikarudi Buruburu, shule inabaki na nini mikononi siku mashine ya kwanza ikiharibika na sisi tuko mbali? DVD ile ya 2017 ilibaki. Ina muhuri na namba ya kabati. Mwalimu akihamishwa, atakayekuja ataikuta. Mimi ile CD ya 8.04 nilipewa iwe yangu, hakuna aliyenidai niirudishe, na nadhani ndiyo sababu nilithubutu kuichezea usiku kucha mpaka nikaelewa. Kwa hiyo kila shule tutakayoenda na flashi tutaiachia pia DVD mbili, hata kama ina draivu moja tu inayosoma.

---

FundiLuthuli (Ijumaa, usiku)

Dada, kwa hizo mbili za kuacha shuleni bado naona ni nyingi, moja ingetosha. Lakini mpango ni mzuri. Mwalimu, zile draivu mbili zinazozungusha bila kuona, usizitupe. Ninazo tatu za IDE (kiunganishi cha zamani) kwenye boksi hapa kibandani, zilitoka kwenye mashine zilizokufa. Nitazipima kesho asubuhi. Zikisoma, nakuwekea kwenye kifurushi cha DVD, na ile moja ya trei isiyofunguka tafuta klipu ya karatasi, inyooshe, ipenyeze kwenye katundu kadogo kaliko mbele ya draivu mpaka usikie imeachia.

---

Mwl_Kyuso (Jumamosi, asubuhi)

Trei imefunguka. Ndani kulikuwa na CD ya mchezo wa kuchapa haraka, na draivu inasoma.

---

KopoLaDiski (Jumamosi, jioni)

Wamekubali, saba kwa wanne. DVD mbili kwa kila shule zimepita pia.

Mwalimu, ya kwako nimeshachoma: Debian 12 ya biti 32, nakala tatu, na Debian 13 nakala mbili kwa zile nyingine. Zote herufi 64 zimelingana. Fundi amenipa draivu mbili, ya tatu ilikataa. Kifurushi nimekifunga kwenye boksi la viatu na magazeti katikati. Kesho saa moja asubuhi nakipeleka stendi ya Machakos, hapa hapa Nairobi, kwa gari la Mwingi, nitakutumia namba ya gari na ya dereva kwa ujumbe. Wahi stendi ya huko kabla ya saa saba, wasije wakakipitisha.